Asusa na Kinywaji: Busaa na Muratina katika Kibera na Kawangware

Neno asusa limo katika kamusi za Kiswahili, ila ni nadra kulisikia likitamkwa Nairobi. Ni jina la vitu vidogo vidogo vya kutafuna, mathalani karanga, mishikaki au samaki wa kukaanga, ambavyo huliwa kinywaji kikiwa mkononi. Dhana inayobebwa na neno hili ni pana kuliko umbo lake: kinywaji na chakula huchaguana. Wafaransa wa Savoie, kwenye miteremko ya milima ya Alps, wameijengea dhana hiyo sifa ya kimataifa. Zabibu yao ya kiasili iitwayo Jacquère hutoa mvinyo mweupe, mwepesi, wenye uchachu unaokata mafuta ya jibini iliyoyeyushwa. Mondeuse, ambayo ni nyeusi, hutoa mvinyo mwekundu unaoafikiana na soseji na nyama iliyokaushwa. Tangu 1973 jina la mvinyo wa Savoie lina hadhi ya kulindwa kisheria. Makala haya yanashikilia kwamba ujuzi wa aina hiyo upo Kibera na Kawangware pia, isipokuwa hakuna aliyeuandikia.

Tuanze na busaa, kinywaji cha nafaka kilichofika Nairobi pamoja na wahamiaji kutoka magharibi mwa Kenya. Unga wa mahindi hutiwa maji kidogo, ukafunikwa kwa siku kadhaa hadi uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati au karai pana mpaka uwe chengachenga za rangi ya kahawia. Hatua hii ndiyo roho ya busaa, kwani ndiyo inayotia ile harufu ya nafaka iliyoungua kidogo. Chenga hizo huchanganywa na maji na kimea cha wimbi, yaani wimbi lililooteshwa, likaanikwa na kusagwa. Mchanganyiko huachwa siku mbili tatu, halafu huchujwa. Mashambani, wazee wa Kiluhya huketi kuzunguka chungu kimoja na kuvuta kwa mirija mirefu. Mjini chungu kimeachia nafasi makopo yaliyokuwa ya mafuta ya kupikia. Kinachopatikana ni kinywaji kizito, kichachu, kinachokaribia kuwa uji. Haishangazi kwamba wanywaji wake husema wameshiba.

Muratina ni ya ukoo mwingine. Kwa Wakikuyu hilo ni jina la mti na la kinywaji kwa pamoja. Kiswahili huuita mti huo mwegea. Tunda lake, refu na gumu, haliliwi bichi. Hukatwa, hukaushwa na kuondolewa ukali, kisha hutumbukizwa katika maji ya asali. Nyuzi zake huhifadhi hamira, hivi kwamba tunda lile lile huweza kuanikwa juani na kutumiwa tena na tena. Wakamba nao hulitumia tunda hilo kutengeneza kaluvu. Muratina ya asali ina utamu unaofuatwa na uchungu, na haikosekani katika shughuli za mahari. Mjini, ambako asali ni ghali, sukari huingia mahali pake, na uchungu ule wa mwisho hufifia.

Sasa asusa. Mgongo wazi, yaani mifupa ya sangara iliyobakia baada ya minofu kuondolewa, hukaangwa katika mafuta mengi na kuuzwa kando ya vichochoro vya Kibera. Mafuta hayo yanahitaji kitu kichachu, na busaa inacho. Omena wa kukaanga hufuata kanuni iyo hiyo. Mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu kisha ukachomwa, una chumvi na ladha ya moshi; utamu wa muratina huipokea vizuri zaidi kuliko uchachu wa busaa. Kanuni ni ile ile ya Savoie: uchachu kwa mafuta, utamu kwa chumvi.

Kwa nini basi ujuzi huu haukupata jina? Sehemu ya lawama ni ya lugha yenyewe. Magazeti na watawala hutumia kifungu kimoja, pombe haramu, kwa busaa, kwa muratina, kwa chang'aa ambayo huchemshwa na mvuke wake kukingwa, na hata kwa sumu iliyotiwa methanoli. Hatari ya mwisho si ya kubuniwa: Novemba 2000, katika mitaa ya Mukuru, kinywaji cha namna hiyo kiliua zaidi ya watu mia moja. Lakini aliyekufa kwa methanoli hakuuawa na wimbi. Chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya 1980, na sheria hiyo ikafutwa na ile ya 2010 ya kudhibiti vileo, iliyotaka chang'aa iuzwe katika chupa za kioo. Busaa haiwezi kuvumilia chupa. Huendelea kuchachuka hata baada ya kuchujwa, na baada ya siku chache hainyweki.

Mwaka 2004 kampuni ya East African Breweries ilileta Senator, bia ya pipa iliyopunguziwa ushuru ili iwavute wanywaji wa pombe za vichochoroni. Iliwavuta kwelikweli. Panapouzwa keg, jiko la mutura haliko mbali. Hata hivyo bia hiyo ni baridi na nyepesi, haina uchachu wa kuyakabili mafuta ya mgongo wazi. Kazi iliyokuwa ya busaa imeangukia ndimu na kachumbari.