Chumba Kimoja, Mikoa Mingi

 

Leo tutazungumza juu ya maisha ya wanafunzi wa chuo kikuu. Labda mama mmoja aliye chini ya hema atauliza: «Mambo ya wanafunzi yananihusu nini, mimi niliyeacha shamba langu?» Mama, vumilia kidogo. Utaona kwamba chumba cha mwanafunzi na hema yako ni ndugu.

Twende Lubumbashi, kwenye kampasi ya Kasapa. Chuo kikuu cha Lubumbashi kilifunguliwa mwaka 1956, wakati mji uliitwa Élisabethville. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu 3 vya inchi kuwa kimoja, ikagawanya masomo kati ya miji. Aliyetaka kusoma lugha, historia ama siasa alipelekwa Lubumbashi, hata akiwa mtoto wa Bandundu ama wa Kivu. Mwaka 1981 vyuo vilitenganishwa tena, lakini Kasapa ilibaki mahali pa watoto wa mikoa yote.

Wanafunzi hulala katika majumba makubwa yanayoitwa homu. Vitanda havitoshi. Asiye na kitanda hupokelewa na mwenzake, wanabanana. Basi inabidi kupatana. Mmoja ananunua makala, mwingine unga, wa tatu anapika bukari. Asiye na pesa ya vitabu ananakili vya rafiki. Mmoja akigonjwa, wenzake wa chumba ndio wanampeleka hospitali, maana mama yake yuko mbali. Hakuna anayeuliza kwanza: wewe ni wa kabila gani?

Tena kuna vyama vya wanafunzi wanaotoka mkoa mmoja. Vyama hivi si vibaya. Mgeni akifika hajui mtu, chama kinamtafutia pa kulala. Akifiwa, kinamchangia. Lakini angalieni: mlango ukifungwa na kufuli, nyumba inageuka gereza. Chama kikianza kusema «sisi tu, wale hapana», basi ugonjwa umeingia.

Ugonjwa huo ulionekana Kasapa mwaka 1990. Tarehe 24 Aprili, Rais Mobutu alitangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja. Wanafunzi wakaanza kuandamana wakidai mabadiliko. Ndipo uvumi ukaenea katika homu: «Kati yetu kuna wapelelezi.» Ni kweli, utawala ule ulikuwa na wapelelezi mahali pengi. Lakini kujua kwamba wapelelezi wako si sawa na kujua ni nani. Macho yakageukia wanafunzi waliotoka Équateur, mkoa wa rais. Tarehe 9 Mei, wanafunzi waliodhaniwa kuwa wapelelezi walikamatwa na wenzao, wakapigwa vibaya. Watu waliokula sahani moja!

Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, umeme ulikatwa. Watu wenye silaha waliingia katika homu, wakashambulia wanafunzi gizani. Walioponyoka walieleza kwamba washambuliaji walichagua watu kwa asili yao: huyu aachwe, huyu apigwe. Serikali ilisema aliyekufa ni mtu 1. Mashahidi walisema waliokufa ni wengi. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa, serikali ikakataa, na Ubelgiji ikasimamisha misaada yake.

Tusikosee hapa. Dhambi ya wauaji na ya waliowatuma ni yao, haiwezi kubebeshwa wanafunzi. Lakini wanafunzi walipokubali kuhesabiana kwa mikoa, walimrahisishia adui kazi. Alikuta watu wamekwisha kugawanyika.

Tena ugonjwa haukubaki Kasapa. Mwaka 1992 na 1993, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, zikalala kwenye stesheni zikingoja gari la moshi. Wengi walikuwa wazaliwa wa hapo hapo. Nanyi mnaotusikiliza kambini mnajua habari hiyo pasipo kuelezwa.

Basi tujifunze nini? Wahenga walisema: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Wakati wa vita methali hiyo yaweza kuua. Wakubwa wa kambi, machifu, mtu akija kusema «fulani ni mpelelezi», msikilizeni, kisha mumwulize maswali matatu: Umeona wewe mwenyewe, ama umesikia? Amefanya nini, siku gani, mahali gani? Uko tayari kusema hayo mbele yake na mbele ya wazee? Akishindwa kujibu, neno lifie hapo. Akijibu, jambo lichunguzwe wazi, na anayeshitakiwa asikilizwe, asiguswe na vijana.

La pili, mnapogawa hema, ngambo ya maji ama chakula, msipange watu kwa makabila. Wachanganyeni katika kamati, kama wanafunzi wanavyochangia mbabula moja. Anayejua jina la mtoto wako hawezi upesi kukuita nyoka.

La tatu, ukweli usizikwe. Kosa likitendeka, litajwe, na aliyelitenda ajulikane kwa jina lake, si kwa kabila lake. Mahali ukweli umefichwa, uvumi hukaa kwenye kiti chake.

Mama uliyeuliza, sasa unaona. Mtoto wako siku moja anaweza kulala katika chumba kule Kasapa, pamoja na mtoto wa yule jirani unayemwogopa leo. Yale unayomfundisha juu ya jirani huyo, atayabeba mpaka huko.

Wapenzi wasikilizaji, tuishie hapo. Zungumzeni haya jioni penye moto. Amani ikae nanyi.