Mchumba Akikwambia Ana Kifafa

Tuseme ni Jumapili jioni pale Katesh. Mlima Hanang umejifunika wingu, mmekaa mnakunywa soda. Kadi za mchango zimeshagawiwa, kamati imekutana mara mbili. Mchumba wako anakohoa kidogo, halafu anasema: “Kuna kitu sijakwambia. Mimi nina kifafa, nameza dawa tangu nikiwa shule.” Utasemaje?

Usijibu haraka. Wengi wetu, hata tulio na digrii na tai shingoni, tungeanza kutafuta mlango uko wapi. Wazee nao kabla ya posa huuliza: ukoo ule una kichaa? Una kifafa? Ndiyo maana watu huficha vidonge chini ya godoro mpaka siku wanapoanguka mbele ya wakwe.

Na kuficha kuna hatari yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 39, iliweka kwamba ndoa yaweza kubatilishwa mahakamani kama, siku ya kufunga ndoa, mmoja alikuwa akipatwa mara kwa mara na wazimu au kifafa. Wazimu na kifafa kapu moja, jamani! Ila anayelalamika lazima awe hakujua kabla, na awahi kufungua shauri ndani ya mwaka mmoja. Yaani huyo binti wa Katesh, kwa kusema mapema, amejilinda kuliko anavyodhani.

Ukweli ni kwamba kifafa si wazimu. Ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Tatizo ni kwamba sehemu nyingi nchini dawa zake hutolewa kliniki ya magonjwa ya akili, basi ukionekana kwenye foleni ile, mtaani umeshaitwa chizi.

Mbulu na Hanang wanalijua jambo hili kuliko wengi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955 wilayani Mbulu, imekuwa kituo cha utafiti wa kifafa. Timu ya daktari wa ubongo Andrea Winkler ilipita nyumba kwa nyumba ikachunguza watu 7,399. Matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Karibu 9 katika kila 1,000 walikuwa na kifafa. Kwa hiyo kwenye harusi ya watu 500, wanne au watano.

Je, kinaambukiza? Hapana. Lakini utafiti uliofanyika Ulanga, Morogoro, na kuchapishwa mwaka 1993 ulikuta wakuu wa kaya wanne katika kila kumi wakiamini kinaambukiza, kwa kugusana, kwa pumzi, hata kwa kujamba. Unaweza kucheka, lakini kwa imani hiyo mtu anaangukia jikoni kwenye moto na hakuna anayethubutu kumvuta.

Kinachoambukiza ni kitu kingine: tegu wa nguruwe. Watafiti walichungulia ndimi za nguruwe 770 katika vijiji 21 vya Mbulu, asilimia 17.4 walikuwa na malengelenge ya tegu. Taarifa ilitoka mwaka 2004. Ukila kitimoto kisichoiva unapata mnyoo tumboni. Kinachofika kwenye ubongo ni mayai ya mnyoo huo, yanayotoka kwenye kinyesi cha binadamu kupitia mikono na maji machafu. Kwa hiyo hata asiyegusa kitimoto maishani anaweza kupata kifafa kwa sababu ya jirani asiye na choo.

Turudi kwa wapenzi wetu. Shirika la Afya Duniani linasema hadi watu 7 katika 10 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi. Kosa kubwa ni kuacha ghafla kwa sababu “nimepona” au mchungaji kasema tupa. Tena ninyi mnaopanga uzazi, sikilizeni: fenobabitoni na kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge vya majira na vipandikizi. Na kuna dawa, kama valproeti, ambazo zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Muulizeni daktari kabla ya mimba.

Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko mdomoni, tazama saa. Zikipita dakika tano, mkimbize hospitali.

Na siku ya kliniki nenda naye. Mwenyewe mara nyingi hakumbuki kilichotokea. Daktari atakugeukia wewe uliyeona.