Homa Isiyoisha na Valvu za Moyo

Maambukizi ya valvu za moyo huanza pale bakteria walioingia kwenye damu wanaponata juu ya valvu, hasa yenye hitilafu. Hapo huzaliana, wakajizungushia damu iliyoganda, na uvimbe laini unaojengeka huila valvu na kumeguka vipande vinavyoweza kuziba mishipa ya ubongo. Nchini Tanzania valvu nyingi huharibika tangu utotoni: mafindofindo yasiyotibiwa ipasavyo huweza kufuatwa na homa inayoshambulia moyo na kuacha makovu. Waliowekewa valvu bandia na wanaojidunga heroini nao wamo hatarini.

Kurasini, kama kwingineko Temeke, homa hudhaniwa malaria kwanza. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, wengi hununua antibiotiki dukani. Homa hushuka, kisha hurudi dawa ikiisha. Madhara ya dozi hiyo ni makubwa kuliko inavyodhaniwa: bakteria hupungua kwenye damu kiasi cha maabara kushindwa kuwaotesha, ilhali waliojificha kwenye valvu wangali hai.

Homa ya wiki kadhaa, jasho la usiku na kukonda huelekeza pia kwenye kifua kikuu, na ni haki kukipima. Lakini mvumo mpya wa moyo, damu kwenye mkojo, bandama iliyovimba au vistari vyeusi chini ya kucha vinataka moyo uchunguzwe. Kijana mwenye homa aliyepata kiharusi asirudishwe nyumbani bila uchunguzi huo.

Ili kuotesha bakteria, damu huchukuliwa mara tatu, kila mara kwa kuchoma mshipa upya, kabla ya antibiotiki. Kati ya mara ya kwanza na ya mwisho ipite angalau saa moja. Mgonjwa aliye mahututi hacheleweshwi dawa: damu huchukuliwa upesi, tiba ikaanza. Kisha hufuata kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ambacho Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyopo Muhimbili, hukifanya. Picha ya kupitia kifuani isipotosha, kifaa hupitishwa kwenye umio, nyuma kabisa ya moyo.

Madaktari huunganisha ushahidi huo kwa vigezo vya Duke, vilivyotolewa Marekani mwaka 1994 na kuboreshwa mwaka 2000 na 2023. Bakteria wa aina inayojulikana kwa ugonjwa huu wakiota mara zaidi ya moja, na eko ikaonyesha uvimbe kwenye valvu, ugonjwa umethibitika. Eko ikiwa safi huku shaka ikibaki, hurudiwa baada ya siku 5 hadi 7.