Mipaka miwili ya kiungo

Basi la Mombasa kwenda Tanga likifika Lunga Lunga, abiria hushuka, hugongewa pasi kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, wakapanda tena. Mwanasoka aliyemo humo amevuka mpaka mmoja tu. Wa pili hauonekani barabarani. Uko kwenye mfumo wa kompyuta wa FIFA, ambamo shirikisho la Kenya hutoa hati ya uhamisho wa kimataifa na la Tanzania likaipokea. Bila hati hiyo anaweza kufanya mazoezi kwenye uwanja wa Mkwakwani mpaka viatu vimchoke, na siku ya mechi akakaa jukwaani na mashabiki.

Kwa kijana wa Lunga Lunga jambo hili lina uzito wake. Klabu ya Bandari ya Mombasa iko mbali naye kwa kilomita mia moja hivi, na kivuko cha Likoni juu yake. Coastal Union ya Tanga, bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, iko karibu zaidi. Wadigo wamejaa pande zote mbili za mpaka, na si ajabu mtu wa Kwale kuwa na shangazi Horohoro. Lakini kwenye orodha ya usajili huyo ni mchezaji wa kigeni, Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 2010, iwepo isiwepo. Misimu ya karibuni klabu za Ligi Kuu ya Tanzania zimeruhusiwa wageni 12, na Mkenya hugombea nafasi hizo na Waivori, Waghana na Wakongo. Wapo waliozipata. Jerry Santo alicheza kiungo Simba kisha Coastal Union. Humphrey Mieno alikwenda Azam. Francis Kahata alitoka Gor Mahia akatua Simba mwaka 2019, na kabla ya hapo alishaonja ligi ya Albania akiwa na KF Tirana.

Kiungo wa kuhamahama ana shida ambayo mshambuliaji haijui. Mabao hukatwa yakawekwa kwenye video ya dakika tatu, na wakala akaituma popote. Kazi ya namba sita, yaani kiungo mkabaji, ni kuziba njia kabla pasi haijapigwa, na hilo halina picha. Anayeiona ni kocha aliyemfundisha kila siku, ndiyo maana soko la kiungo mkabaji, kwa maoni yangu, ni makocha kuliko mawakala. Mtazameni Victor Wanyama. Mauricio Pochettino alikuwa kocha wa Southampton iliyomsajili 2013 kutoka Celtic, na ni yeye aliyemchukua tena Tottenham 2016. Machi 2025, baada ya miaka ya Montreal, Wanyama alisaini Dunfermline ya Uskochi mkataba wa kufikia mwisho wa msimu tu. Kocha pale? Neil Lennon, aliyekuwa naye Celtic. Kiungo anayegombana na kocha anapoondoka klabuni huwa anajifungia mlango ambao angeuhitaji miaka kumi baadaye.

Kaka yake Wanyama, McDonald Mariga, alionja makali ya karatasi. Januari 2010 uhamisho wake kwenda Manchester City ulikwama kwa kibali cha kazi, kwa sababu Kenya ilikuwa chini mno kwenye viwango vya FIFA. Inter Milan wakamchukua, na msimu ukaisha wakiwa mabingwa wa Ulaya. Wengi kibali kikikwama hawana Inter inayowasubiri. Kwa hiyo kumbuka hili: kanuni za FIFA haziruhusu uhalali wa mkataba kutegemea kupasi vipimo vya daktari au kupata kibali cha kazi. Klabu ipime na iulizie kabla ya kusaini. Ikishasaini, kibali kikichelewa, mkataba haufi.

Mikataba ya wachezaji hawa ni mifupi, msimu mmoja au miwili, mara nyingi na kipengele cha nyongeza ambacho klabu pekee ndiyo yenye hiari nacho. Mimi hukitilia shaka: mchezaji akifanya vizuri amefungwa kwa mshahara wa zamani, akifanya vibaya anatemwa. Ukibaki na miezi sita au pungufu ya mkataba, una ruhusa ya kusaini na klabu nyingine kwa ajili ya msimu ujao. Wengi hawalijui hilo, hukaa kusubiri simu ya katibu.

Mshahara ukikwama ndipo mpaka wa Lunga Lunga unapogeuka kuwa kinga. Klabu ikikosa kulipa angalau mishahara miwili ya mwezi, mchezaji huiandikia, akaipa siku 15, na isipolipa anaweza kuvunja mkataba kwa sababu halali. Mkenya anayedai klabu ya Tanzania ana mgogoro wa kimataifa, kwa hiyo anaweza kwenda kwenye baraza la FIFA la utatuzi wa migogoro, na halimtozi ada. Mkenya anayedai klabu ya Kenya hana njia hiyo. Kesi yake ni ya nyumbani. Ila miaka miwili ikipita tangu deni lilipoanza, FIFA haisikilizi tena. Barua iandikwe, nakala iwekwe. Ahadi za mwenyekiti kwenye simu si ushahidi wa kutegemea.

Aliye chini ya miaka 18 ana habari nyingine. Uhamisho wa kimataifa kwa mtoto umekatazwa, isipokuwa kwa masharti machache, na moja ni la watu wa mpakani: nyumbani kwake na klabu vyote viwe ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani, aendelee kulala kwao, na mashirikisho yote mawili yakubali. Sikia vizuri, maana maneno mengi huzungumzwa. Kwa barabara, Horohoro hadi Tanga mjini ni zaidi ya kilomita 60. Anayekwambia mwanao wa miaka 15 atasajiliwa Tanga kwa kuwa "mpakani ni hapa hapa" mwombe akuonyeshe idhini hizo mbili.

Na klabu iliyomlea? Uhamisho wa kimataifa ukilipiwa, asilimia 5 ya ada hugawiwa waliomfunza kati ya miaka 12 na 23. Kwa pauni milioni 12.5 zilizoripotiwa kulipwa na Southampton kwa Wanyama, mwaka mmoja wa mtoto wa miaka 14 una thamani ya pauni 31,250. Kiungo wa kuhamahama, hata hivyo, huhama bure mkataba ukiisha, na asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Inabaki fidia ya mafunzo, inayodaiwa hata kwa uhamisho wa bure mpaka mwisho wa mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 23, lakini klabu mpya ikiwa ya kundi la nne katika mpangilio wa FIFA, la chini kabisa, haidaiwi. Na yote hayo huhesabiwa kwa miaka aliyosajiliwa kwenye shirikisho. Miaka ya mchangani, ambako jina lake liliandikwa kwenye daftari la mwalimu tu, haimo kwenye hesabu.