Mama, sema unachokiona

Juma hili tuongee jambo ambalo wengi wetu tunalisema kwa sauti ya chini tu: mtoto mwenye ugonjwa ambao hata jirani hajawahi kuuona.

Katika kikundi chetu kuna mama ambaye kofia zilikuwa hazimtoshi tena mtoto wake wa miezi miwili. Bibi alisema, "Amechukua kichwa cha baba yake." Jirani akasema ni uchawi. Siku ya kupima watoto, mtoto aliwekwa kwenye mizani, kilo zikaandikwa kwenye kadi, akaitwa anayefuata. Mama alirudi mara ya tatu. Safari hiyo aliweka mezani kofia mbili, ya mwezi uliopita na ya sasa. Hapo ndipo muuguzi alipochukua mita ya fundi akapima kichwa. Yalikuwa maji ya kichwa. Mtoto alipasuliwa, na leo anatembea.

Hatumlaumu muuguzi. Anayepokea watoto wa malaria na kuhara kutwa nzima, akili yake inakwenda huko kwanza. Ugonjwa wa nadra anaweza kukutana nao mara chache tu maishani. Lakini wewe unamwogesha mtoto huyo huyo kila siku. Ukiona kitu, kitaje.

Hapa Lubumbashi tuna sababu ya kusema zaidi. Kati ya mwaka 2013 na 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji waliangalia watoto 138 waliozaliwa mjini na kasoro zinazoonekana, wakawalinganisha na watoto 108 wasio nazo. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Pale ambapo baba alifanya kazi ya madini, uwezekano wa kasoro ulikuwa mkubwa zaidi ya mara 5. Watoto hao walikuwa wachache, na utafiti mmoja haumalizi maneno. Hata hivyo, jiulizeni: ni mara ngapi mama amenyoshewa kidole peke yake, na hakuna aliyeuliza baba anafanya kazi gani?

Basi, unapomwogesha mtoto, angalia haya:

Kichwa kinachokua haraka, utosi uliovimba, au macho yanayotazama chini wakati wote.

Uvimbe au kidonda katikati ya mgongo tangu kuzaliwa. Usipake dawa ya mtu, usikande. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke siku hiyo hiyo.

Weupe ndani ya mboni ya jicho, hasa kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga. Inaweza kuwa kansa ya jicho, na ikigunduliwa mapema mtoto anaweza kupona.

Nyayo zilizopinda kwa ndani, au mdomo uliopasuka. Yote mawili yanatengenezwa.

Ukifika kwa dokta, usiseme tu "mtoto anaumwa." Sema uliona nini, tangu lini, na kama kinaongezeka. Beba kadi, kofia au picha. Sema kama kuna mwingine katika ukoo aliyezaliwa hivyo. Sema kazi ya baba na kazi yako, hata kama hukuulizwa. Wakikujibu "itapita yenyewe" na wewe unaona inazidi, rudi. Kurudi si utovu wa adabu.

Na wale wanaotaka mtoto: mgongo wa mtoto unajifunga katika siku 28 za kwanza za mimba, wakati wengi wetu hatujui bado kama tumebeba. Kwa hiyo vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, vinaanzwa kabla ya mimba. Lengalenga na maharagwe vinasaidia, lakini havichukui nafasi ya vidonge. Baba akitoka kwenye madini, avue nguo za kazi nje, aoge ndipo ashike mtoto, na nguo hizo zisifuliwe pamoja na nepi.

Tunajua kuna nyumba ambamo mtoto wa namna hii anafichwa chumbani wageni wakija. Mtoto aliyefichwa hapimwi, na asiyepimwa hatibiwi. Mama mwenzetu akiwa na mtoto kama huyo, tusimwulize alifanya nini. Tumwulize kliniki ni siku gani, na nani atamsindikiza.