Tulipoteza 13 kwa 11, na kosa ni letu

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mamaa wa kambini, habari imekwisha kutembea mbele yetu: tarehe 1 Mei, hapa Kolwezi, timu yetu ya petanke ilipoteza 13 kwa 11 mbele ya wageni wa Likasi. Wengine wanasema kiwanja kilikuwa kibaya. Wengine wanasema wale watu wana dawa. Tulikuwa pale, sisi watatu wenye kucheza, acha tueleze vile ilikuwa.

Kwa wale wasiojua: watu watatu wanashika mipira sita ya chuma, kila mtu miwili. Tunaiita bule, lakini hakuna cha bure pale, bei yake inauma. Mtu anasimama ndani ya duara, miguu yote miwili chini, anatupa mpira uende karibu na koshone, kale kampira kadogo ka mbao kanakokaa kati ya meta 6 na meta 10. Wenye mipira ya karibu zaidi ndio wanahesabu, na wa kwanza kufika 13 ameshinda. Mchezo ulizaliwa kule La Ciotat, Ufaransa ya kusini, juu ya mchezaji mmoja ambaye ugonjwa wa viungo ulimkataza kukimbia wakati wa kutupa. Ndiyo maana wazee wetu ambao magoti yao yalibaki shimoni wanaupenda. Na musifikiri ni mchezo wa Wazungu tu: Madagaska ilikuwa bingwa wa dunia 1999, na tena 2016.

Wale wa Likasi wanatupita, tulijua. Wanajizoeza kila jioni, na wako na mpigaji ambaye macho yake ni kama kipimo. Kwa meta 7 unaweka mpira wako vizuri kabisa, halafu unasikia kaa! Wako umeruka, wake umekaa palepale. Mbele hatujafuta jasho ilikuwa 7 kwa 2.

Papa wetu, fundi wa zamani wa mashine, akatuvuta pembeni. « Batoto, tunacheza muchezo yao. Mutupe koshone kule mbali, pa mawe. »

Mwenye kushinda mene moja ndiye anatupa koshone mene inayofuata. Tulipopata nafasi tukaipeleka meta 10, upande ambako malori yanasimama, changarawe tupu. Pale yule mpigaji alianza kukosa. Na petanke iko hivi: mpira wa kupiga ukikosa, umepotea. Mara mbili tatu wao walibaki mikono mitupu, sisi tungali na mipira miwili, tunasogeza polepole, tunahesabu. 9 kwa 9. 11 kwa 11. Wamama walipiga vigelegele mpaka wauza maji wakaacha biashara.

Lakini kuna jambo moja ambalo watu wa pembeni hawakuliona. Kijana wetu wa kupiga alikuwa ametoka posti ya usiku. Alipanda juu saa kumi na mbili asubuhi, saa nne tuko kwenye kiwanja. Mke wake, mtoto mgongoni, alituuliza mlangoni: « Hajalala, munamubeba wapi? » Tukacheka. Kijana mwenyewe akasema: « Niko muzuri, yaya, twende. » Sisi wa sendika, ambao kila mkutano tunagonga meza kwamba mtu aliyechoka asishuke shimoni, tukamwamini kwa sababu ilitufaa.

Sasa ni 12 kwa 11, wao mbele. Wamemaliza mipira yao yote, mmoja uko karibu na koshone kuliko yote. Nyuma yake mipira yetu miwili. Mkononi mwa kijana imebaki miwili ya mwisho. Akiutoa ule mmoja, ni pointi mbili, ni 13, tumeshinda. Papa alitaka asogeze tu: 12 kwa 12, tuendelee. Sisi tukapaza sauti pamoja na watu wote: Piga!

Wa kwanza ulipita juu. Tungeweza kumsikiliza Papa hapo. Ulikuwa umebaki mmoja wa kusogeza. Kijana alifuta macho, mkono ulikuwa unatetemeka kidogo, tuliuona. Tukasema tena piga. Mpira ulianguka mapema, ukagonga changarawe ile tuliyoichagua sisi wenyewe, ukaenda kulia.

Mpigaji wa Likasi alikuja kutupa mkono. « Pa mawe mulituumiza sana », akasema. Hakuwa anatania.

Tutarudiana kwao, mwezi wa nane. Tumeomba iwe juma ambalo kijana yuko posti ya mchana, nao wamekubali. Kesho yake jioni tulienda kwake kumwomba samahani, pamoja na kilo mbili za sukari. Mke wake alisimama mlangoni, hakutukaribisha.

« Analala. Murudi kesho. »

Tulirudi kesho.