Pima Upepo Kabla ya Kununua Mtambo wa Umeme

Ndugu mkulima, upepo ni wa bure, lakini mtambo wa kuukamata hununuliwa kwa fedha nyingi. Kabla hujauza ng'ombe ili upate taa za umeme nyumbani, yafaa ujue kama upepo wa shamba lako unatosha kuuzungusha mtambo huo.

Nchi yetu ina mahali penye upepo mwingi. Katika vilima vya Ngong mitambo ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1993, na karibu na Loiyangalani, katika Marsabit, ipo 365 iliyofunguliwa rasmi mwaka 2019. Lakini usidhani kwamba upepo wa Marsabit u kwako pia. Shamba lililo bondeni, au lililozungukwa na mikaratusi, huenda likapata upepo kidogo tu.

HESABU YA UPEPO

Mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Tuseme mapanga ya mtambo yana upana wa mita 2 kutoka ncha hata ncha. Upepo ukienda mita 4 kwa sekunde, mtambo mzuri hutoa kama wati 30, ambazo zatosha taa chache na redio. Upepo uo huo ukienda mita 8, mtambo hutoa kama wati 240.

Kwa sababu hiyo, usitazame tu wati zilizoandikwa na muuzaji. Mara nyingi wati hizo hupatikana upepo ukienda mita 11 au 12 kwa sekunde, yaani upepo wa kutikisa matawi makubwa. Muulize mtambo hutoa wati ngapi kwa upepo wa mita 4 na mita 5.

JINSI YA KUPIMA

Chukua daftari. Kila siku, asubuhi, adhuhuri, jioni na kabla ya kulala, andika uonavyo:

Majani yakichezacheza tu, upepo ni mita 2 au 3 kwa sekunde.
Majani na vijiti vidogo vikitikisika bila kukoma, ni mita 4 au 5.
Vumbi na karatasi zikipeperuka, ni mita 6 au 7.
Miti midogo ikiyumba, ni mita 8 hata 10.

Endelea mwaka mzima, kwani upepo wa masika si sawa na wa kiangazi. Ikiwa siku nyingi hata vijiti havitikisiki, usinunue mtambo wa upepo. Fedha zako zitakufaa zaidi kwa sola. Ikiwa upepo ni mzuri, weka kipima upepo juu ya mti mrefu uliosimikwa, upate hesabu ya hakika.

KUUSIMAMISHA

Kwanza, mahali. Mapanga yawe juu kwa mita 10 kuliko mti au nyumba yo yote iliyo karibu, kwa umbali wa mita 100 pande zote. Usiufunge juu ya paa. Upepo hapo huvurugika, na mtikisiko hulegeza nyumba.

Pili, mlingoti. Tumia bomba la chuma lenye bawaba chini, ili uulaze wakati wa kutengeneza, wala mtu asipande. Ushikiliwe na waya nne zilizofungwa katika zege, kila moja mbali na mlingoti kwa nusu ya urefu wake au zaidi. Zungusha ua, kwa maana ng'ombe hupenda kujikuna penye waya. Mlingoti uwe mbali na nyumba na nyaya za stima kupita urefu wake, ili ukianguka usidhuru.

Tatu, betri. Mtambo hujaza betri kwa kupitia kidhibiti cha chaji. Kamwe usiutenge na betri wakati mapanga yanazunguka, kwani bila mzigo yataenda mbio mno na kuvunjika. Nunua kidhibiti chenye kupeleka umeme wa ziada mahali pengine betri ikijaa. Weka fyuzi karibu na betri. Chumba chake kipitishe hewa, wala moto usiingie humo, maana betri inapojazwa hutoa hewa yenye kuwaka.

Nne, radi. Mlingoti uunganishwe na ardhi kwa waya mnene. Kazi hii na ya nyaya za nyumbani ifanywe na fundi wa stima mwenye leseni.

UTUNZAJI

Mara kwa mara kagua waya za mlingoti, kaza nati, na kama betri yako ni ya kuongezwa maji, tia maji safi ya betri, si ya kisima. Sauti mpya ikisikika juu, simamisha mtambo uuangalie.

Daftari hugharimu shilingi chache. Anza kuandika leo, na baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakuambia kama inafaa kununua mtambo au la.